Bunduki Ipi Yamfaa Mfugaji?

Majuma machache yaliyopita tulipata barua kutoka kwa msomaji wetu mmoja, mkulima wa milimani, mwenye shamba la eka tatu, ng'ombe wawili, mbuzi na kuku. Aeleza kwamba tangu mvua za vuli fisi wameingia zizini mwake mara tatu, na mbuzi wake kumi na wanne wamebaki wanane. Kuku nao huchukuliwa usiku, mmoja mmoja, na mnyama ambaye hajapata kumwona. Mbuzi wale, asema, ndio waliokuwa akiba yake ya kumsomesha mwanawe aliye bweni. Amechoka kukesha. Ndugu yake amemshauri atie sumu katika mzoga. Jirani yake amemwambia anunue bunduki. Mwisho wa barua atuuliza swali moja tu: ni bunduki ipi itakayomfaa?

Tungeweza kumjibu kwa mstari mmoja, kama ajibuvyo mwenye duka. Lakini tumeona kwamba swali lake si la dukani tu. Chombo cha kuua hakichaguliwi kama jembe. Jembe lisilofaa humchosha mwenye kulima, na hasara yaishia hapo. Bunduki isiyofaa yaweza kumdhuru mnyama, na jirani, na mtoto wa nyumbani, na hata mtu wa kijiji cha mbali ambaye mwenye bunduki hatamjua kamwe. Kwa hiyo mwenye kuuliza ni bunduki ipi yafaa, yampasa kuuliza pia: Nina haki gani ya kuua? Niue kwa namna gani? Na nikikosea, ni nani atakayelipa?

Tuanze na haki yake, maana wako watu wasiopenda kuisikia. Wengi wawapendao fisi na chui huwapenda katika picha, wakiwa wamekaa nyumba yenye taa na mlango wa chuma. Mtu aliyeamka alfajiri akakuta mbuzi mwenye mimba amepasuliwa tumbo, huyo hana haja ya kufundishwa na mwingine uzuri wa wanyama wa porini. Kulinda kilichopatikana kwa jasho si ukatili, bali ni wajibu wa mwenye nyumba. Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 haikatai binadamu kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Hata hivyo yafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ya haja ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Tuangalie vizuri: heshima inayotajwa hapo ni yetu sisi, si ya fisi. Mtu aachaye mnyama afe kwa siku tatu kichakani, matumbo yakining'inia, amejipunguzia utu wake, ijapokuwa mnyama huyo alikuwa mwizi.

Haki ya kujilinda, basi, ipo. Ila haki hiyo ina masharti yake, na sharti la kwanza ni kumjua mwizi.

Ndugu yetu ana wezi wa namna mbili, naye ataka kuwapa wote dawa moja. Anayechukua kuku usiku huenda akawa kanu, au fungo, au nyegere ambaye aweza kubomoa banda kwa makucha yake. Mchana mwizi aweza kuwa nguchiro au mwewe. Wanyama hawa ni wadogo, na baadhi yao hutufanyia kazi tusiyoiona: kanu, nguchiro na mondo hula panya, na kila mkulima ajua panya afanyavyo katika ghala la mahindi. Mwenye kuwaua wote kwa sababu ya kuku watatu, yafaa ahesabu kwanza magunia yake.

Fisi ni habari nyingine. Fisi madoa mzima hufikia kilo 60 na zaidi, na taya zake huvunja mfupa wa ng'ombe. Haishi peke yake, bali katika kundi linaloongozwa na majike. Ukimwua mmoja, kundi labaki, na njia ya kwenda zizini laijua. Chui, kinyume chake, huishi peke yake katika eneo lake. Lakini akifa, eneo lile haliachwi wazi kwa muda mrefu, chui mwingine huja. Kwa hiyo bunduki, hata ikilenga vema, hujibu swali la usiku mmoja, wala haijibu la mwaka mzima.

Sasa tuseme juu ya bunduki zenyewe.

Iliyo karibu zaidi na mikono ya watu wetu ni gobore. Hushindiliwa baruti na vipande vya risasi kwa mdomo wa mtutu, hutoa mlio mmoja, kisha mwenyewe hana budi kuanza upya kushindilia, na mnyama aliyejeruhiwa hamngoji. Magobore mengi yametengenezwa kwa mabomba yasiyokusudiwa kazi hiyo, na yako yaliyopasuka usoni pa mpigaji. Kumpiga fisi kwa gobore usiku ni kama kumtupia jiwe lenye moto: pengine atakufa, lakini mara nyingi ataondoka na kidonda.

Ya pili ni bunduki ya marisau. Hutawanya vipande vidogo vingi, nayo yafaa kwa mnyama mdogo au ndege aliye karibu, hatua ishirini au thelathini. Uzuri wake kwa shamba dogo ni kwamba marisau madogo huchoka upesi. Hayaendi mbali kama iendavyo risasi. Ubaya wake ni kwamba mtu hudhani kile kilichomwua nguchiro kitamwua na fisi. Hakitamwua. Kitamtoboa ngozi tu, na kumtia usaha.

Ya tatu ni bunduki ya risasi, ambayo mtutu wake umechongwa mifuo ya kuzunguka kwa ndani, ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia iliyonyoka. Humo mna ndogo na kubwa. Ndogo ijulikanayo sana ni ile ya namba 22, yaani kipenyo cha inchi 0.22, karibu milimeta 5.6. Risasi yake ya kawaida haizidi gramu 3 kwa uzito. Bei yake si kubwa, haipigi bega, na sauti yake si ya kutisha. Kwa sababu hiyo watu huipenda, na wengine huidhania kuwa kitu cha watoto. Lakini kwa fisi au chui ni ndogo mno. Kwa upande mwingine iko bunduki kubwa kama ile ya namba 375, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, ambayo wawindaji wa Afrika wameitumia kwa nyati na simba. Risasi yake ya kawaida ni karibu gramu 19. Hiyo yaangusha kweli, lakini humvunja moyo mpigaji asiyeizoea, naye akifumba macho kwa kuogopa kishindo, shabaha imekwisha kupotea.

Msomaji aweza kusema: Basi ichaguliwe ya katikati. Ndivyo wasemavyo wenye ujuzi, na kwa nchi zenye mashamba mapana ni neno la busara. Lakini kipimo hakiishi kwa mnyama. Risasi haisimami pale jicho la mpigaji linaposimama. Hata ile ndogo ya namba 22, ikielekezwa juu, yaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Zile kubwa hupita hapo kwa mbali. Sasa mtu mwenye eka tatu, akisimama katikati ya shamba lake, mpaka wake uko hatua ngapi? Hazifiki mia. Nyuma ya fisi kuna migomba, nyuma ya migomba kuna nyumba ya shemeji, nyuma ya nyumba kuna njia ya watu waendao kisimani alfajiri. Mwenye shamba dogo ameruhusiwa na mipaka yake kumiliki udongo, lakini risasi yake haijui mipaka hiyo. Kama hakuna kilima cha udongo nyuma ya mnyama cha kuipokea, basi risasi ile anaipiga katika shamba la mwingine.

Mwandishi wa makala haya akumbuka jambo alilolishuhudia utotoni. Jirani yetu mmoja, mtu mpole na mchapa kazi, alikuwa amepoteza kondoo wengi. Akaazima bunduki kwa mtu, akakesha. Karibu na saa tisa za usiku akawasha kurunzi, akaona macho mawili yaking'aa pembeni mwa mahindi, akapiga. Alikuwa hodari wa shabaha, hakukosa. Kulipopambazuka tukamkuta mtamba wa jirani yake, mwenye mimba ya kwanza, amelala juu ya mahindi. Alikuwa amekata kamba usiku ule. Macho ya ng'ombe hung'aa mbele ya taa kama yang'aavyo ya fisi, na ya mbuzi vivyo hivyo. Mtu yule alilipa mtamba kwa muda wa miaka miwili. Lakini kilichomkondesha si deni. Mara nyingi alisikiwa akisema kwamba mke wa jirani naye alikuwa ametoka usiku ule kumtafuta mtamba, na mkononi hakuwa na taa. Usiku uliofuata fisi walirudi kama kawaida yao.

Tena liko deni la kujeruhi. Pale Nyeri, Kenya, alifariki mwaka 1955 mwindaji mashuhuri Jim Corbett, ambaye alihamia huko kutoka India mwaka 1947. Mwaka 1907 mtu huyo alimwua tiger jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuwa amekwisha kuua watu 436 katika Nepal na India. Alipomchunguza aliona kwamba meno makubwa ya upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjika, naye akaeleza kwamba yalivunjwa zamani kwa risasi. Mnyama asiyeweza tena kukamata windo lake la asili aligeukia lililo jepesi, nalo ni mwanadamu. Mtu aliyepiga risasi ile hajulikani. Labda alikuwa akilinda mali yake; labda alirudi nyumbani akijisifu kwamba amemfukuza. Hakuona tena matokeo ya kazi yake. Waliyaona watu wa vijiji vingine, waliokwenda kukata majani na kuni. Wahenga wetu walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hapa twaona kwamba hata wasio wake walikula. Bunduki ndogo mno kwa mnyama, au kubwa mno kwa mpigaji, au mkono usiozoea, mwisho wake ni mmoja: mnyama aondokaye na uchungu na hasira.

Na sumu je? Yule ndugu aliyeshauri sumu alishauri kwa huruma, maana sumu haina bei kubwa wala haitaki kukesha. Lakini sumu ni bunduki inayopigwa kwa macho yaliyofumbwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2015, katika Maasai Mara, watu waliouliwa ng'ombe walitia sumu katika mzoga. Wakafa simba wa kundi lililojulikana ulimwenguni, pamoja na jike mzee aitwaye Bibi, na tumbusi nao wakafa. Tumbusi ndio wasafishaji wa nchi. Wakitoweka, mizoga huoza na mbwa wa mitaani huongezeka. Mzoga wenye sumu humngoja mbwa wako mwenyewe, na mtoto achungaye. Kwa hiyo hatusiti kusema: sumu haifai kwa sababu yoyote.

Huenda sasa ndugu yetu akanung'unika: Mmenikataza gobore, mmenikataza sumu, bunduki mmeiwekea masharti yasiyohesabika, je, niwapigie fisi makofi? Sivyo. Wazee walisema: fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Hawakusema atoke na mkuki. Walijua kwamba kazi ya kwanza ni mlango.

Hilo si neno la kumfariji maskini tu, limejaribiwa. Huko Simanjiro wafugaji wamepanda miti ya jamii ya Commiphora kuzunguka maboma yao iwe nguzo, wakafunga wavu wa waya katikati yake. Miti yaendelea kukua na kusongamana, na ukuta wazidi kuimarika kila mwaka badala ya kuoza kama boma la miiba mikavu. Katika Kitengela, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kijana Richard Turere alitambua alipokuwa bado mtoto kwamba simba waogopa taa inayotembea. Akaunganisha betri ya gari, kibamba cha kunasa nguvu za jua, kidude cha kuwashia taa za pikipiki na balbu chache, taa zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka zizi, kana kwamba mtu atembea na kurunzi. Mwaka 2013 habari zake zilisikika duniani kote. Namibia nako, tangu mwaka 1994, wafugaji hupewa mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, wanaolelewa pamoja na mbuzi tangu wakiwa wadogo, hata wakawaona mbuzi kuwa ndugu zao. Hakuna hata moja katika haya linaloweza kumpiga mke wa jirani gizani.

Kwa kuku, jambo ni jepesi zaidi: banda lililoinuliwa, sakafu yenye wavu wa matundu madogo, na mlango wenye komeo, si wa kuegeshwa kwa jiwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mtu atakaye kununua bunduki kabla hajaziba tundu la banda, huyo amepita ufa na ukuta vyote viwili.

Sheria nazo tusizifiche. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamruhusu mtu kumwua mnyama kwa kuokoa uhai au mali yake, wakati hana njia nyingine. Lakini yamtaka atoe habari kwa wenye mamlaka bila kuchelewa, na ngozi au nyama si mali yake. Silaha nayo haishikwi bila kibali chini ya sheria ya mwaka 2015, na haiazimwi kama sululu. Aliyepatwa na hasara aweza kudai kifuta jasho, na aliyefiwa aweza kudai kifuta machozi. Twajua kwamba fedha hizo huchelewa, na mara nyingi hazitoshi. Hapa twataka kusema neno kwa wakubwa na kwa wote wapendao wanyama wa nchi hii. Ikiwa fisi na chui ni urithi wa taifa zima, si haki mbuzi wanaowalisha watoke katika zizi la mtu mmoja maskini. Mtu asiyelipwa wala kusikilizwa tumemsukuma wenyewe kwenye sumu, kisha twamshitaki.

Basi, ndugu yetu wa milimani, jibu letu ni hili. Kwa shamba la eka tatu lililozungukwa na nyumba za watu, kwa fisi wajao usiku, hatujui bunduki ya risasi ambayo twaweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba yakufaa. Itoshayo kumwua fisi ni kubwa mno kwa mipaka yako. Iliyo salama kwa mipaka yako haitoshi kumwua fisi. Fisi akizidi kurudi, mwite askari wa wanyamapori, mwenye silaha, mazoezi na wajibu wa kufanya kazi hiyo, na mwenyekiti wa kijiji awe shahidi kwamba ulimwita.

Na wewe msomaji mwingine, ambaye shamba lako ni pana na kibali unacho, jipime kwa maswali haya kabla hujakwenda dukani. Je, mnyama nitakayempiga namjua, na bunduki hii yatosha kumwua kwa pigo moja? Je, nimejizoeza mpaka mkono umetulia? Je, nitaona wazi ninachokipiga, na nyuma yake kuna udongo wa kuipokea risasi? Je, nyumbani liko kabati la chuma lenye kufuli, na risasi zitawekwa mbali na bunduki, mahali ambapo mtoto wala mlevi hafiki? Je, nikijeruhi, nitakuwa na ushujaa wa kufuata damu mpaka mwisho, au wa kuwaambia majirani usiku ule ule, ili pasiwe na mtoto aendaye kisimani asubuhi bila kujua? Aliyejibu ndiyo kwa yote, bunduki yake yamfaa. Aliyejibu siyo kwa moja tu, bunduki hiyo bado ni ya dukani. Na aiache huko.

Tumemwandikia ndugu yetu barua ya pekee, na majirani zake wamekubali kumjengea zizi kwa kazi ya ujima Jumamosi ijayo. Nguzo zimekwisha kukatwa. Yule jirani aliyemshauri anunue bunduki ameahidi kuleta waya.